Dawa Mkobani: Maandalizi ya Kiafya kwa Msafiri Aendaye Kisiwa cha Saba

Alikuja kliniki ya kisukari siku ambayo hakuwa na miadi, mkononi ameshika tiketi ya ndege iliyochapishwa karatasini. Ni mama wa miaka 63, anayeishi na kisukari kwa miaka 14 na shinikizo la juu la damu kwa muda unaokaribia huo. "Daktari mwanangu," alisema baada ya kuketi, "mjukuu wangu anasomea udaktari katika kisiwa kinaitwa Saba. Anataka nimwone huko kabla hajaondoka. Niambie tu kama nitafika."

Ningeweza kumjibu upesi kwamba atafika, nikamtakia safari njema. Lakini niliikumbuka safari yake ya kwanza, alipokwenda Kanada kumwona binti yake. Insulini na vidonge vyote aliviweka katika sanduku kubwa, akalikabidhi uwanjani. Sanduku lilichelewa siku tatu. Alipofikishwa hospitali, sukari yake ilikuwa imepanda hadi kipimo cha nyumbani kikashindwa kuisoma. Alilazwa, akapona, na familia ikabaki ikilipa deni la hospitali kwa muda mrefu. Hayo yalimpata katika mji mkubwa wenye duka la dawa kila baada ya mitaa michache. Sasa alikuwa anakwenda katika kisiwa chenye watu wapatao 2,000.

Makala haya yametokana na mazungumzo yetu ya siku ile na ya wiki sita zilizofuata. Nimeyaandika kwa ajili ya msafiri mwenye maradhi sugu, na kwa ajili ya mhudumu wa afya atakayeulizwa swali kama lile. Mfano ni Saba, lakini mengi yaliyomo yanafaa kwa kisiwa chochote kidogo kilicho mbali na hospitali kubwa.

Saba ni mahali gani

Saba ni kisiwa cha Bahari ya Karibi, chenye eneo la kilomita za mraba 13 tu. Tangu tarehe 10 Oktoba 2010 ni manispaa maalumu ya Uholanzi. Kiholanzi ni lugha rasmi, lakini watu huzungumza Kiingereza nyumbani, dukani na hospitalini. Fedha inayotumika ni dola ya Marekani, tangu Januari 2011.

Kisiwa chenyewe ni mlima wa volkano uliochomoza baharini. Kilele chake, Mount Scenery, kina urefu wa karibu mita 880, na ndicho kilele cha juu kuliko vyote katika Ufalme wa Uholanzi. Hakuna ufukwe mrefu wa mchanga kama ule ambao wengi wetu huufikiria tusikiapo jina la Karibi. Kuna majabali, miteremko mikali na vijiji vinne: The Bottom, ambacho ni makao makuu, Windwardside, St. Johns na Zion's Hill. Zamani mizigo yote ilipandishwa kutoka baharini kwa mabega ya watu, juu ya ngazi ya mawe yenye vidato vipatavyo 800. Wahandisi walisema barabara haiwezekani. Mkazi mmoja, Josephus Lambert Hassell, alijifunza uhandisi kwa njia ya posta, na kuanzia mwaka 1938 akawaongoza wenzake kuijenga kwa mikono. Barabara hiyo ndiyo inayotumika hadi leo.

Nayaeleza haya kwa sababu yanamhusu mgonjwa moja kwa moja. Nyumba nyingi zimejengwa juu ya miteremko, na kuzifikia ni kupanda vidato. Mwenye maumivu ya magoti, moyo uliochoka au pumu amwombe mwenyeji wake amtafutie malazi yanayofikiwa na gari hadi mlangoni. Teksi zipo. Asitarajie mabasi ya abiria kama ya kwetu.

Mjukuu wa mama huyu, aliyezaliwa na kukulia Kanada, anasoma katika Saba University School of Medicine, chuo kilichopo The Bottom tangu miaka ya 1990 na ambacho wanafunzi wake wengi hutoka Marekani na Kanada. Kijiji hicho ndicho chenye hospitali ndogo ya kisiwa. Huduma za kawaida na za dharura hupatikana hapo. Mgonjwa anayehitaji upasuaji mkubwa au uangalizi mahututi huondolewa kisiwani kwa ndege au helikopta, kupelekwa Sint Maarten au mbali zaidi.

Panga safari kuanzia mwisho wake

Msafiri wengi huanza kupanga safari kutoka nyumbani: lini naondoka, nitapanda ndege gani. Kwa kisiwa kidogo, anza na kipande cha mwisho, kwa kuwa hicho ndicho chembamba kuliko vyote.

Kutoka Dar es Salaam njia mojawapo ni kupitia Amsterdam, kisha ndege ya masaa takriban tisa kuvuka Atlantiki hadi Sint Maarten. Hapo msafiri hupanda ndege ndogo ya abiria wasiozidi 19, ambayo hufika Saba kwa muda wa robo saa hivi. Uwanja wa Saba una njia ya kurukia yenye urefu wa mita 400 tu, imekaa kati ya jabali na bahari. Hutajwa kuwa fupi kuliko zote zinazotumiwa na ndege za abiria za ratiba. Upepo ukiwa mkali, ndege haitui. Ipo pia boti ya abiria kutoka Sint Maarten, inayochukua zaidi ya saa moja, na bahari ikichafuka nayo hukaa bandarini.

Kwa hiyo msafiri aandae mambo matatu. Kwanza, asipange miadi ya lazima siku ile ile ya kufika au ya kurudi. Aache angalau siku moja ya nafasi pale Sint Maarten. Pili, aulize mapema uzito wa mizigo unaoruhusiwa katika ndege ndogo, kwani mzigo unaozidi unaweza kubaki na kufuata baadaye. Tatu, mkoba wa dawa uwe mdogo kiasi cha kukaa mapajani, ili hata akiambiwa akabidhi begi lake la mkononi mlangoni mwa ndege, dawa zibaki naye.

Kuhusu viza, visiwa vya Uholanzi vilivyo Karibi haviko katika eneo la Schengen. Viza ya Schengen na viza ya Karibi ni vitu viwili tofauti, na anayepitia Ulaya anaweza kuhitaji maelezo kuhusu zote mbili. Maswali haya yaulizwe katika ubalozi wa Uholanzi kabla ya kununua tiketi.

Kilichomo mkobani

Mama alitandika dawa zake mezani, nasi tukazihesabu pamoja. Safari ilikuwa ya wiki tatu. Nilimwandikia dawa za wiki sita.

Aliponiuliza kwa nini zote hizo, nilimweleza habari za Septemba 2017. Tarehe 6 mwezi huo kimbunga Irma kilipiga Sint Maarten na kuuharibu vibaya uwanja wa ndege ambao Saba huutegemea. Safari za kawaida za ndege za abiria zilirejea mwezi wa Oktoba. Mtu aliyebeba dawa za siku alizokusudia kukaa tu, angemaliza akiba yake wakati njia za kawaida zimefungwa. Msimu wa vimbunga vya Atlantiki huanza tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba. Mwenye maradhi sugu ambaye ana uhuru wa kuchagua, ni heri asafiri kati ya Desemba na Mei.

Dawa zikae katika vifungashio vyake vya asili, vyenye jina la mgonjwa. Ziambatane na barua ya daktari kwa Kiingereza inayotaja maradhi, jina halisi la kila dawa badala ya jina la kibiashara, dozi, na sababu ya kubeba sindano. Metformin ni metformin popote duniani. Jina lililo kwenye boksi hubadilika toka nchi hadi nchi. Dawa kali za maumivu kama mofini na tramadol, pamoja na baadhi ya dawa za kifafa na za usingizi, zina sheria zake katika kila nchi, na msafiri aulize ubalozini kabla hajazibeba.

Insulini isiwekwe kamwe katika sanduku linalokwenda chini ya ndege. Sanduku huweza kupotea, na baridi ya huko huweza kuigandisha. Insulini iliyoganda haifai tena, hata ikiyeyuka na kuonekana kama kawaida. Chupa iliyokwisha kufunguliwa hukaa wiki nne hivi katika joto la kawaida la chumba, kulingana na maelekezo ya mtengenezaji. Njiani, chupa pana ya chai iliyosuuzwa kwa maji baridi na kukaushwa inatosha. Usiiegemeze insulini kwenye barafu. Mkobani pia kuwe na kipima sukari, vijiti vya kutosha, betri ya akiba, na kitu kitamu cha kula endapo sukari itashuka.

Wanaotumia mashine ya kuvuta dawa ya pumu au ya kusaidia kupumua usingizini wakumbuke kwamba umeme wa Saba ni wa volti 110 na plagi za Kimarekani. Mashine iliyotengenezwa kwa volti 230 pekee haitafanya kazi ipasavyo huko.

Saa saba za tofauti

Saba iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa saba mwaka mzima. Inapokuwa saa 1 usiku Dar es Salaam, Saba ni saa 6 mchana. Siku ya kwenda huwa na urefu wa saa 31 badala ya 24, na siku ya kurudi huwa na saa 17.

Kwa dawa nyingi za shinikizo la damu zinazomezwa mara moja kwa siku, tofauti hii haina madhara makubwa: mgonjwa aendelee kwa saa za nyumbani hadi afike, kisha ahamie saa za huko. Anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI mara moja kwa siku anaweza kubaki na saa za nyumbani muda wote. Aliyezoea kumeza saa 3 usiku atameza saa 8 mchana wa Saba. Jambo kubwa ni kutoruka dozi.

Insulini inahitaji hesabu zaidi. Mama hutumia insulini mchanganyiko, asubuhi na jioni kabla ya kula. Nilimshauri saa yake ya mkono ibaki kwenye majira ya nyumbani hadi atue Sint Maarten, na achome kwa ratiba yake ya kawaida pamoja na milo. Katika siku iliyorefuka kuna mlo wa ziada, na mara nyingi daktari huongeza dozi ndogo pamoja na mlo huo. Kiasi chake hupangwa kwa kila mgonjwa, kwa kuangalia vipimo vyake. Asiongeze kwa kukisia. Wakati wa kurudi hatari hugeuka: siku imekuwa fupi, dozi mbili zikikaribiana sukari huweza kushuka ghafla akiwa usingizini ndani ya ndege. Kwa hiyo dozi ya njiani hupunguzwa. Katika safari zote mbili apime sukari kila baada ya saa nne hadi sita, wala asichome sindano kabla chakula hakijafika mbele yake. Ratiba yote tuliiandika katika karatasi moja, kwa saa za nyumbani na za Saba, naye akaikunja ndani ya pasipoti.

Kukaa ndani ya ndege kwa masaa mengi huongeza hatari ya damu kuganda miguuni, hasa kwa wazee, wajawazito, wanene na waliofanyiwa upasuaji karibuni. Msafiri anyooshe miguu, atembee kila baada ya saa moja au mbili, na anywe maji. Mgonjwa wa selimundu anapaswa kumwona daktari kabla ya safari ndefu, kwa kuwa hewa ya ndani ya ndege ni sawa na ya mlima wenye urefu wa mita 1,800 hadi 2,400, na oksijeni yake ni pungufu.

Homa si malaria tu, na si dengue tu

Saba hakuna malaria. Wapo, hata hivyo, mbu aina ya Aedes aegypti, wanaouma mchana na kueneza dengue, chikungunya na Zika. Mwezi wa Desemba 2013 ndipo maambukizi ya chikungunya ya ndani ya nchi yalipogunduliwa kwa mara ya kwanza katika bara la Amerika, kwenye kisiwa jirani cha Saint Martin. Watu wa Saba huvuna maji ya mvua kutoka mapaani na kuyahifadhi katika matangi. Tangi lisilofunikwa vizuri ni mahali pa mbu kuzaliana. Maji hayo yachemshwe au yatibiwe kabla ya kunywa, la sivyo msafiri anywe ya chupa. Chandarua cha usiku pekee hakitoshi kwa mbu wa mchana. Vaa mikono mirefu, paka dawa ya kufukuza mbu, na mjamzito azungumze na daktari kuhusu Zika kabla hajaamua kusafiri.

Hapa kuna jambo ambalo naomba kila mhudumu wa afya alisisitize. Mtu aliyetoka Afrika Mashariki akipata homa akiwa Saba, anaweza kuwa amebeba malaria kutoka nyumbani. Daktari wa huko huona dengue mara kwa mara; malaria huenda asiiwazie. Mgonjwa aseme mwenyewe, bila kungoja kuulizwa: "Nimetoka Tanzania, naomba nipimwe malaria." Malaria kali huua kwa siku chache, na kipimo ni rahisi. Arudipo nyumbani, hali hugeuka: akipata homa ndani ya wiki mbili, amwambie daktari wake kuwa alikuwa Karibi, ili asitibiwe malaria tu ilhali ana dengue. Pasipo uhakika, atumie parasetamoli. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni ziepukwe, kwa sababu huongeza hatari ya kutoka damu kwa mwenye dengue.

Kuhusu homa ya manjano, nchi na visiwa vingi vya Karibi hudai cheti cha chanjo kwa wanaotoka au kupitia nchi zenye hatari ya ugonjwa huo. Cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya chanjo, na tangu Julai 2016 hudumu maisha yote. Chanjo hii ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Kwa mtu wa miaka 60 na kuendelea anayechanjwa kwa mara ya kwanza, na kwa mwenye kinga dhaifu, daktari apime kwanza faida na madhara. Mama alikuwa amechanjwa miaka mingi nyuma. Tulichohitaji ni kuitafuta tu ile kadi ya manjano.

Bahari na mlima

Wageni wengi huenda Saba kupiga mbizi katika hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1987, au kupanda Mount Scenery kwa vidato vya mawe 1,064. Mambo haya mawili yasifanywe siku moja. Mpiga mbizi huhifadhi naitrojeni mwilini, na akipanda juu mapema, hewa hiyo hutoa mapovu yanayoumiza viungo na neva. Ushauri unaotumika kwa wanaopanda ndege ni kusubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja na saa 18 baada ya mbizi kadhaa, na huhesabiwa kuanzia mwinuko wa takriban mita 600. Kilele cha Saba kimepita hapo.

Njia ya mlimani hupita katika msitu wa ukungu, na mawe yake huteleza. Mwenye kisukari avae viatu vilivyofungwa, si kandambili, na akague nyayo zake jioni. Ganzi ya miguu humfanya mtu asihisi jeraha hadi linapooza.

Kuhusu chakula, samaki wakubwa wa miamba ya Karibi huweza kuwa na sumu ya ciguatera. Sumu hii haiondoki kwa kupika, kukaanga wala kugandisha. Dalili zake ni kutapika, kuhara, ganzi ya midomo, na kuhisi kitu baridi kana kwamba kinaunguza. Waulize wenyeji samaki yupi analiwa na amevuliwa wapi.

Kabla ya kuondoka

Mgonjwa afike kliniki wiki sita kabla ya safari, ili kuwe na nafasi ya chanjo, vipimo na marekebisho ya dozi. Mhudumu amuulize maswali manne: Dawa zako zinatosha mara mbili ya siku utakazokaa? Zitakaa wapi ndani ya ndege? Nani huko anaujua ugonjwa wako? Na ukizidiwa, nani atalipa? Swali la mwisho huwaudhi wengi, lakini bima ya afya ya nyumbani kwa kawaida haivuki bahari. Bima ya safari iwe na kipengele cha kumsafirisha mgonjwa kwa ndege, na itamke wazi kuwa maradhi aliyokuwa nayo kabla ya safari yanahusika. Kuna wagonjwa ambao jibu letu lazima liwe "bado": aliyepata mshtuko wa moyo au kiharusi wiki chache zilizopita, mwenye damu pungufu sana, mwenye kushindwa kupumua akiwa ameketi. Kumwambia bado si kumnyima safari.

Mama alirudi baada ya wiki tatu na siku mbili. Upepo ulikuwa umezizuia ndege. Alikuja kliniki siku ya miadi yake, akaitoa ile karatasi ndani ya pasipoti na kuiweka mezani. Kila kisanduku kilikuwa kimejazwa kwa mwandiko wake, isipokuwa kimoja cha safari ya kurudi, ambacho kilijazwa kwa mwandiko mwingine. "Hapo nilikuwa nimelala," alisema. "Mjukuu wangu alinisindikiza hadi Amsterdam. Aliniamsha, akanipima, akakuta imeshuka kidogo, akanipa juisi kabla sijachoma sindano."

Dawa zilizobaki mkobani zilikuwa za siku kumi na tisa. Alizirudisha katika akiba yake ya nyumbani.